Mkono Uliokataliwa

Salma mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kikwajuni sote wazima, na mdogo wako kaposwa.

Unauliza kama mkono wa mumeo, uliopooza kwa kiharusi, utarudi. Nnakumbuka miaka ya hamsini, Chwaka, mama yangu alipopatwa na maradhi hayo. Aliukataa mkono wake wa kulia. "Huu wa nani? Utoeni kitandani kwangu!"

Kila alasiri shangazi alimshikisha ukindu, akiviongoza vidole vilivyolala kusuka ukili wa mkeka. Siku moja shangazi akaenda kutawadha. Vidole vile vikaendelea kusuka, polepole, bila kuongozwa. Mama akavitazama, akaninong'oneza, "Nani anasuka?"

"Wewe, mama."

Akaupapasa mkono ule kwa mkono wake wa kushoto.

"Mwambie asiondoke."

Nisalimie mumeo. Na huo mkono wake, usalimie kila siku.

Bibi yako