Kimya cha Pikapu ya Kilonzo

Alhamisi, Septemba 1986, Matinyani. Jua kali, vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Leo ni siku ya nne mume wangu anaivalisha pikapu yake. Kilonzo amebeba mbuzi kutoka Nuu hadi Kitui miaka tisa, kwa gari linalonguruma kama kinu cha posho, na hajalalamika hata mara moja. Sasa ghafla anataka kimya.

Kimya cha nini?

Amebandika vipande vya tiubu za tairi kwenye bati linalotenganisha injini na miguu. Juu yake magunia ya katani, kisha sponji ya godoro letu la zamani. Milangoni vivyo hivyo. Jana Musyoka, fundi wa Migwani anayemsaidia, alitaka kuziba na matundu ya hewa chini ya dashibodi, kwa kuwa kelele hupenya hapo pia. Nilikuwa naanika nguo. Nikamsikia Kilonzo akimkemea: "Wacha hiyo! Ukifunga hapo, atapumua aje?"

Atapumua. Hakusema nitapumua. Nilibaki na shati mkononi.

Nikiri hapa, kwa kuwa sina pengine pa kukiri: jana jioni nilimwandikia mama yangu kule Nuu. Yeye mwenyewe mgonjwa, pumu na presha, lakini hasira haikunipa nafasi ya kufikiri. Niliandika kwamba Kilonzo anatengeneza gari la kubebea mwanamke. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akienda huko ameipeleka barua leo asubuhi.

Leo mchana Kilonzo amekuja jikoni akipangusa gundi vidoleni.

"Mama Mumo, kesho tunaendea mama yako. Si alikataa hospitali sababu kelele ya gari inampasua kichwa? Sasa iko kimya, na hewa inaingia. Musyoka ataendesha, wewe ukae na mama huko mbele. Mimi niko nyuma."

Nyuma, kwenye vumbi, mahali pa mbuzi. Hakueleza kwa nini, na hakuwa na haja. Kwetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Ni nthoni, heshima hiyo yenye haya ndani yake. Mume wangu hata uso wa mama hautazami akimsalimia.

Kumbe mwanamke alikuwepo kweli.

Nimeona haya hadi masikio yakapata moto. Tangu Machi nilimbembeleza mama akubali kwenda kwa daktari, nikachoka, nikaacha. Kilonzo hakuacha. Na mimi siku zote nne nilikuwa nikinusa mashati yake.

Alipoenda kuoga, niliingia ndani ya pikapu, nikafunga mlango, nikawasha injini. Nilisikia pumzi zangu mwenyewe.

Kesho mama atakaa hapo kando yangu, barua ameshaisoma, safari nzima kutoka Nuu. Ataniuliza. Mama hajui kunong'ona. Musyoka atakuwa kwenye usukani, na Kilonzo nyuma yetu, kioo tu kikitutenganisha. Kelele za zamani za gari zingenificha.

Nimwambie Kilonzo habari ya barua leo, kabla hajamaliza kuoga? Au nimwache aisikie kesho, akiwa amekalia gunia?