Tanga la Watu wa Sista Araksi

Jumamosi, 13 Januari 1968

Sindano zimechemshwa. Bandeji zimeanikwa. Wodi ya wazazi imepigwa deki mara mbili, maana jenereta lilivuja mafuta mlangoni. Nyumbani Mama ameyapaka mafuta makubadhi ya ngozi ya Baba, kama kila Jumamosi, akayarudisha mahali pake. Jana imetimia miaka minne tangu mapinduzi ya Unguja. Mama alipika kama siku zote. Mimi niliomba chai.

Sista Araksi, mkubwa wa wodi yetu, ameniita ofisini. Ni Muarmenia, Mkristo, mzaliwa wa mji wa Halab. Anataka tufanye mchezo wa kuigiza hapa hospitali, wanawake watupu, kuhusu yaliyowapata watu wake zamani za Waturuki. Ameuandika kwa Kiarabu. Anataka niutafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu watazamaji wengi watakuwa sisi tuliotoka Unguja tukakimbilia huku kwa Waarabu. Nimekubali. Nadhani ni mambo ya mapenzi.

Jumanne, 16 Januari

Si mambo ya mapenzi.

Wanaume walikusanywa kwanza. Wakatolewa nje ya mji, hawakurudi. Kisha wanawake na watoto wakaambiwa watembee mpaka jangwani. Aliyekaa chini hakuinuka tena. Mji baada ya mji. Majirani wakagombania mazulia yao hata kabla hawajafika mwisho wa mtaa.

Na waliotoa amri ni Waislamu kama mimi. Nimeona haya, kisha hasira, sijui hasira juu ya nani. Sista ameniambia aliyemwokoa mama yake ni bibi wa Kibedui. Alimfunika kwa shuka lake, akawaambia askari huyu ni mwanangu. Muislamu naye. Haikunipoza.

Nilidhani mambo haya yametupata sisi tu duniani. Ujinga mtupu.

Alhamisi, 18 Januari

Ukurasa wa tisa. Msichana wa miaka kumi na sita, yaani mama yake Sista mwenyewe, anamwona baba yake akiuawa kisimani. Mama wa msichana hajaona. Msichana anamwambia: "Wamemchukua tu. Atarudi."

Ni maneno yangu. Neno kwa neno. Niliyasema shambani, ndani ya banda la karafuu, baada ya kumwona Baba kupitia upenyo wa makuti. Yeye pia kisimani. Mama alikuwa amejifunika gunia, hakuona. Nikamwambia wamemchukua tu. Nilitaka atoke mle bandani, atembee, tufike pwani. Alitembea. Mpaka leo anangoja.

Sijapata kumwambia mtu. Hata humu sikuandika.

Nimemwambia Sista ukurasa wa tisa ni mgumu, sina Kiswahili chake. Muongo mkubwa mimi.

Jumapili, 28 Januari

Tumekwenda Wattaya, nje ya mji, kwa gari la hospitali. Mawe na bonde kavu, basi. Sista ana kamera ndogo ya sinema. Atapiga picha za matembezi, kisha zitaonyeshwa kwenye shuka nyuma yetu tunapoigiza. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wote wa Unguja. Mama naye alikuja, eti anapunga upepo.

Sista alileta vitambaa atufundishe kufunga mizigo ya watu wanaokimbia. Akakuta tumeshafunga. Hakuna aliyetuambia. Kila mmoja amekuja nao kutoka kwake: msahafu, birika, nguo za mtoto. Tulipoambiwa tutembee, tulitembea. Hakuna aliyeuliza afanye uso gani. Bi Sharifa, jirani yetu, alivua viatu akaenda juu ya mawe. Sista akabaki amesimama na kamera mkononi, hajaiwasha. Ilibidi turudie.

Mara ya pili mzigo wa Mama ulifunguka. Makubadhi ya Baba. Nilimuuliza kwa nini ameyaleta.

"Sasa babako akija tuko njiani, atavaa nini?"

Wenzake wakamtania, Bi Zuhura bado bi harusi huyu. Akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilimfungia mzigo upya, mafundo mawili.

Jumatano, 14 Februari

Filamu imerudi kutoka Bahrain, imesafishwa. Tumeiona kwenye ghala la magodoro. Nimejiona natembea. Nimemwona Mama nyuma yangu. Kila hatua chache anageuka. Siku ile sikuliona hilo. Kamera imeliona.

Mimi ndiye nitakayeigiza yule msichana. Nimeomba nibadilishwe, Sista amekataa, amesema mwengine hawezi kusema yale maneno kama nnavyoyasema mimi. Nilitaka kumpiga.

Nilimuuliza kama bibi yake alipata kuambiwa ukweli. Hapana, alifia njiani, amegeukia nyuma. Mama yake Sista aliishi mpaka akazeeka, na kila mwaka akiuliza swali moja: ningemwambia, angekufa mapema, au angekufa ametulia? Nilitaka Sista anipe jibu.

Alhamisi, 22 Februari

Baada ya Alasiri. Mablanketi madirishani, ghala limejaa, watoto wamepakatwa. Mama mstari wa mbele.

Bi Sharifa aliigiza mama. Nyuma yetu shuka limejaa sisi wenyewe, tunatembea. Nikafika pale. "Wamemchukua tu. Atarudi." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nimejistaajabia. Nimejichukia.

Mwisho tulingoja taa ziwashwe tupigiwe makofi. Sista akatoka na gauni lake la kazi na karatasi. Akaanza kusoma majina. Babu yake, jina la babake babu yake, mji wake. Bibi yake. Wajomba. Khalati zake, dada za mamake. Mtoto wa miezi minane. Haya hayakuwamo katika mchezo, sikuyatafsiri mimi. Hayakuhitaji tafsiri.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akasema Inna lillahi, ghala zima likamfuata. Mama alisimama, akajifunga buibui vizuri, akatoka bila kunitazama.

Ijumaa, 23 Februari

Bado sijaamini.

Asubuhi Mama amepika. Sufuria kubwa la wali, kahawa, mikate. Amewakusanya wanawake, wamebeba mikeka kichwani, wamekwenda nyumbani kwa Sista. Kukaa tanga la msiba! Nilikimbia nyuma yao nikimwambia Mama ule ulikuwa mchezo. Akanijibu kwamba yeye sinema alianza kuzitazama kabla sijazaliwa, mchezo anaujua. Na majina ya maiti je, nayo mchezo?

Sista alifungua mlango mikono ina sabuni. Akawaambia hawa wamekufa kabla yeye hajazaliwa, zaidi ya miaka hamsini.

"Sie tumesikia jana, mwanangu," Mama akamwambia. "Wewe kaa. Leo hupiki."

Sista alicheka. Kisha akakaa kwenye mkeka pale pale mlangoni na mikono yake ya sabuni, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia hata wodini. Amesema hajapata kuona mtu akija kumpa pole kwa ajili yao. Hajapata.

Khitma hatukusoma, si wa dini yetu. Tulikaa tu.

Jumapili, 25 Februari

Siku ya tatu, ya kuondoa tanga. Mikeka imekunjwa. Njiani Mama alisema maskini bibi yake Sista, amekufa anamngoja mtu aliyekwishazikwa. Kama amezikwa.

Nikamwambia. Pale pale njiani, nimebeba sufuria tupu. Kisima. Panga. Nilichokiona na nilichomwambia.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Alivaa nini?" Shati jeupe, nikasema. Miguu mitupu.

Akanizaba kofi. Sijapata kupigwa na Mama maisha yangu yote. Kisha akaniwekea sawa buibui, lilikuwa limeteleza.

"Miaka minne umeniacha nnavaa dhahabu."

Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani, na sufuria langu.

Jumatatu, 26 Februari

Mama amevua bangili, amevaa nguo nyeupe, amejiweka chumbani. Anakaa eda. Mwalimu wa mtaa amekuja kumweleza kwa upole kwamba eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo ilikwisha zamani, haimlazimu.

Mama akamjibu nyuma ya pazia: "Kwa Mungu imekwisha, mwalimu. Kwangu mie haijaanza."

Hasemi na mimi. Wanawake wamekuja na mikeka ile ile. Sista Araksi amekuja na sufuria la wali, umeungua chini. Alimkumbatia Mama, akauliza jina la Baba, na la babake Baba, na shamba lilipokuwa. Akayaandika kwenye ile karatasi yake.

Jumatano, 28 Februari

Sindano zimechemshwa. Wodini kimya, mzazi mmoja tu.

Asubuhi Mama alinisemesha. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Alinipa makubadhi, yamefungwa kwenye gazeti, akasema nimpe bawabu wa hospitali, yule mzee anayetembea peku.

Nimempa. Ameyavaa pale pale. Yanampwaya kidogo. Amesema yana mafuta mazuri, inaonyesha mwenyewe aliyatunza.

Nimemwambia ndiyo.