Leseni ya Mama Tshiamo

Jumanne, 5 Juni

Bahasha imefika kutoka Mahikeng. Gazeti la serikali ya mkoa, kama kila Jumanne. Nimelibandika ubaoni mlangoni mwa maktaba, halafu nikalisoma, maana hakuna mwingine anayelisoma. Barabara fulani si barabara tena. Kijiji fulani kimekuwa mji kwa amri ya mkuu wa mkoa — wenyewe sijui kama wameambiwa. Punda wawili wamekamatwa, wako zizini kwa halmashauri, mmoja hana sikio. Mwenyewe ajitokeze kabla hawajapigwa mnada. Ukurasa wa mwisho ni leseni za pombe. Humo nikakuta jina la Mama Tshiamo.

Jina lake lote, la ubatizo na la baba yake. Anaomba leseni ya kuuza vileo vya kunywewa hapo hapo, kijiji chetu, kiwanja chake. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja.

Kiwanja hicho ndipo alipochomwa kisu Modisa, mume wangu, wakati wa Pasaka. Gazeti halisemi hivyo. Kwa nini liseme.

Nikabana ukurasa kwa pini kama kurasa nyingine. Kazi ni kazi. Sikusikia kitu moyoni. Mzee Phetwe mlinzi akapita, akauliza leo serikali imenena nini. Nikamwambia punda. Akasema huyo asiye na sikio bila shaka ni wa shemeji yake, maana huko kwao hakuna anayesikia la mtu. Nikacheka. Yaani mdomo ulicheka.

Jumatano, 6 Juni

Mama Tshiamo amekuja maktaba mwenyewe, aproni bado kiunoni. Hajawahi kuingia humu tangu ijengwe. "Gaone, nimesikia niko gazetini. Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akaligusa jina lake kwa kidole. Akasema kumbe na yeye serikali inamjua.

Ameuza pombe miaka yote bila karatasi. Baada ya Pasaka, baada ya Modisa, polisi walimwambia leseni au kufuli. Ana watoto watatu na mama kitandani. Baa ikifungwa hana pa kushika.

Halafu akaziona nguo zangu nyeusi kama vile alikuwa amezisahau. Akashusha sauti. Akaniuliza kama nina kinyongo. Nikasema sina. Si uongo. Sina kinyongo, sina hamu ya kula, sina usingizi wala kukosa usingizi. Nina ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Wanasema mguu ukianza kuamka ndipo unauma. Basi ulale.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani. Mjane aliye kwenye eda hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, baridi yote ya Juni inamwingia yeye. Baada ya ibada Mchungaji Moilwa akanifuata huko huko. Kanisa litaweka pingamizi. Anataka nisimame mbele ya baraza la leseni niseme yaliyotupata. "Sisi tukisema wataona wambea wa kanisa. Wewe ukisema, dada, nani atakujibu?"

Modisa alikuwa haendi kanisani. Alikuwa anasema Mchungaji anahubiri kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Sikulisema hilo.

Nikasema niko eda. Mjane hasimami mbele za watu, haendi penye kundi, jua likizama awe ndani. Mwaka mzima. Mchungaji akakuna kichwa. Ndiyo mara ya kwanza hizi nguo zinanifaa.

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni. Alisikia yote. Hakusema neno njia nzima hadi nyumbani, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Jumamosi, 16 Juni

Sikukuu. Maktaba imefungwa. Muziki wa baa unafika mpaka jikoni kwangu. Nimepika utumbo, nimekula vijiko viwili.

Naliandika hili kwa kuwa sijamwambia mtu. Wiki ile ya msiba, nikiwa nimekalishwa godoroni kama ilivyo desturi ya mjane, wanawake wakiingia na kutoka, Mama Tshiamo alikaa nami kuliko wote. Yeye ndiye aliyempakia Modisa kwenye pikapu yake kwenda zahanati, damu mpaka kwenye usukani. Siku moja tulibaki wawili. Akaniinamia sikioni. Akasema kisu alikiona mapema. Yule aliyemchoma Modisa alikuwa amekiweka mezani, anakatia nyama, na tayari alikuwa anatukana watu. Angeweza kumtoa. Lakini jamaa alikuwa ametoka mgodini na mshahara, ananunulia meza nzima. "Nikasema akimaliza hii raundi namtoa. Hii moja tu, Gaone." Alilia mpaka kamasi zikalowesha blanketi langu. Nikampapasa mgongo. Mimi ndiye niliyefiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza.

Kwetu neno aliloambiwa mjane godoroni huzikwa hapo hapo. Anayelitoa nje ametoa maiti mara ya pili. Kila mtu anajua hivyo. Yeye alijua hivyo alipolisema. Sijamlaumu. Sijamsamehe pia, kusamehe ni kazi ya mtu mwenye nguvu.

Jumanne, 26 Juni

Siku ya mwisho ya pingamizi. Kanisa limepeleka lake jana. Mama Tshiamo kanipigia simu: eti Mchungaji anafikiri Yesu alipofika arusini aligeuza divai kuwa maji. Nikasema sijui. Akasema hata wakimpinga yeye haogopi, ila moyo unamwenda mbio.

Jumanne, 3 Julai

Gazeti jipya. Maombi ya Mama Tshiamo yatasikilizwa tarehe 17, ukumbi wa halmashauri, mjini. Nimelibandika.

Jioni mama mkwe akaja, akakaa kwenye kiti cha Modisa, akafunga blanketi lake vizuri. Akasema ameshazungumza na mjomba wa Modisa. Nyeusi zitavuliwa Jumamosi ya tarehe 14.

Nikamwambia, mama, hata miezi minne haijatimia.

"Mimi ndiye niliyekuvika. Mimi ndiye nitakayekuvua."

Nikamwambia watu watasema.

"Waseme. Watu hao ndio walionizalia Modisa?" Halafu akasema yule aliyemchoma atafungwa, sawa, sheria ichukue mkondo wake. Lakini pale alipoangukia mwanawe watu wanacheza muziki, na yeye anausikia akiwa kitandani. Wakati mwingine kidole chake kinafuata mdundo, na hilo ndilo linalomuua. Kidole chake mwenyewe.

Nikampa chai. Akainywa yote, akaondoka kabla ya giza kwa ajili yangu, ili nisimsindikize.

Jumapili, 8 Julai

Kutoka eda kunahitaji pombe ya mtama. Mikono ya mama mkwe imevimba viungo, hawezi kukoroga tena. Akasema niende kwa Mama Tshiamo.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Akasema, "Kwani kijiji hiki nani mwingine anajua kupika pombe? Mke wa mjomba anapika maji ya kuoshea vyombo." Hakuona aibu hata kidogo. Pombe ni ya wahenga, baraza ni la serikali. Kwake hayo ni mambo mawili na hayajuani.

Nikaenda. Nikasimama getini, maana mjane haingii ua wa watu. Tangazo la serikali limebandikwa pale pale getini, ndani ya mfuko wa plastiki, jina lake limeanza kufifia kwa jua. Akatoka akijifuta mikono. Mbona mapema, akauliza. Nikasema mama mkwe ameamua.

Akapiga kofi, akaanza kulia. Akasema basi yule mama amemsamehe, tangu Pasaka hajamjibu hata salamu. Akasema Mungu huyu ana njia zake. Na kwamba sasa mimi nitaweza kwenda naye barazani tarehe 17. "Ukae tu upande wangu. Useme huna neno nami. Mjane akisema hana neno, Mchungaji atafungua mdomo aseme nini?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisimama pale nikaangalia kuku wake. Amechukua ukimya wangu akaenda nao ndani. Hela ya kimea amekataa.

Jumatano, 11 Julai

Pombe inachemka uani kwa Mama Tshiamo, harufu imefika hadi maktaba. Mzee Phetwe anasema leo hawezi kulinda kitu.

Mchungaji kaleta karatasi ya nitakayoyasema. Mistari michache. Kwamba nilikuwa na mume, kwamba sina tena, kwamba watoto wa shule hupita pale. Kama nina la zaidi, niseme kwa maneno yangu mwenyewe. Ninalo. Yeye hajui kama ninalo. Nimeikunja, nimeiweka kabatini na chumvi.

Nikisema la kisu, baa inafungwa, na huenda polisi wakamwita. Nisiposema, Modisa amekufa kwa bahati mbaya, kama mtu aliyegongwa na radi. Nimeliandika hapa ili nilione. Nimeliona. Hakuna kitu kilichosogea ndani yangu.

Jumamosi, 14 Julai

Wamenitoa.

Alfajiri, barafu kwenye nyasi. Shangazi zake Modisa wakaninyoa, wakaniogesha, wakanipa gauni la buluu. Nyeusi zikachomwa nyuma ya zizi. Nilidhani hapo nitalia. Nilitazama zikiungua, nikawaza kwamba zile soksi bado zilikuwa nzima.

Mama Tshiamo alikuja na mapipa yake kwenye pikapu ile ile. Kaiosha, kiti kimefunikwa kitambaa kipya. Akajaza kibuyu cha kwanza, akapiga magoti mbele ya mama mkwe kama inavyotakiwa. Mama mkwe akakipokea. Akanywa taratibu mpaka nusu, akafuta mdomo, akasema, "Imeiva."

Neno moja. Mama Tshiamo akainamisha kichwa mabega yakimtikisika kwa furaha, wanawake wakapiga vigelegele. Na mama mkwe akawa anautazama ukosi wa yule mwanamke, wala uso wake haukubadilika.

Hapo ndipo niliposikia kitu. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Hasira — imeanzia tumboni ikanipanda hadi kwenye hiki kichwa kilichonyolewa. Nilimchukia mmoja kwa kufurahi. Nikamchukia mwingine kwa kunywa. Nikamchukia Modisa kwa kwenda kunywa siku ile wakati nyumbani kulikuwa na chakula. Kibuyu changu kikamwagika kwenye gauni. Wakasema ni dalili njema, wahenga wamepokea.

Sasa kila kitu kinauma. Hata nywele ambazo sina.

Jumanne, 17 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni, nje ya ukumbi. Maktaba nimeomba ruhusa. Gazeti la leo halijabandikwa.

Tumekuja kwa gari la Mchungaji. Mama mkwe kavaa kofia ya msibani. Mama Tshiamo alikuwa amefika mapema, na viatu vya kuazima vinavyombana. Ukumbini viti vya waombaji viko kulia, vya wapinzani kushoto. Kwenye kiti cha pili yake Mama Tshiamo ameweka mkoba wake, ananiwekea nafasi. Mama mkwe naye kamsogeza Mchungaji ili niketi katikati yao. Karani, kijana mpole tu, akaniuliza niko upande gani. Nikasema naenda msalani kwanza. Nikaja hapa.

Mama Tshiamo amenifuata. Kakaa, kavua kiatu kimoja. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama yale ya godoroni niliwahi kumwambia mtu. Nikasema hapana. Akasema, "Najua. Wewe si wa hivyo." Akaushika mkono wangu wa kushoto. Wake ulikuwa na jasho. Hakuniomba niendelee kunyamaza. Angeniomba, ingekuwa rahisi.

Nikamwambia, "Mama Tshiamo, tangu Jumamosi nimekukasirikia." Akasema anajua hilo pia.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe. Alituona tumeshikana mikono. Nilifikiri ataturukia. Akaja na fimbo yake, akaketi upande wa pili wa Mama Tshiamo, akashusha pumzi. Wote watatu benchi moja, tukitazama ukuta wenye matangazo ya maji na ya chanjo.

Halafu mama mkwe akasema hivi, bila kupandisha sauti: "Wewe ulikuwepo. Polisi wameniambia, Mchungaji ameniambia, na wote hawakuwepo. Sikuja hapa kwa ajili ya leseni yako. Nataka mtu aniambie. Yule mtu, kabla hajainuka, hukuona kitu?"

Mkono ulioshika wangu ukalegea, lakini hakuuondoa. Naandika kwa huu mwingine ili nisiwatazame. Karani ametoa kichwa mlangoni, ameniita jina langu. Sasa ameliita tena. Mama Tshiamo hajajibu. Mama mkwe amemsubiri, amemsubiri, na sasa ameacha kumtazama yeye. Ananitazama mimi.