Coach, Kuko Muntu Anakuita Mbuzi

Coach,

Ninakuandikia mbio mbio, basi usiangalie maandiko. Unanijua: siamini muntu, na tangu ulituacha imezidi. Ulikuwaka unanicheka juu ya ile. "Béa, weye hata barre ya vyuma unaiuliza kwanza inatoka wapi, njo unaiinua." Ndiyo, na nitaendelea kuiuliza.

Sikia vile mambo iko. Kiisha kilio yako, bakubwa ba ligue ya kuinua vyuma balisema klubu haiwezi kubakia bila coach mwenye brevet, ile cheti ya kufundisha. Brevet ikikosekana, banafunga mulango, barre zinapewa bengine, na bana bote ulikuwa unafundisha pale Katuba banarudia mu barabara. Mama Odile, mujane wako, aliniangalia tu. Nikasema, nitaenda miye. Njo vile nilijikuta mu formation ya weekend ya kufundisha kuinua vyuma, mu salle moja ku Kamalondo.

Siku ya posho, ile Jumamosi, asubuhi balitupokea na chai na mukate, bure. Nani anapatia bantu mukate bure mu hii Lubumbashi? Nilikataa. Kiisha nikakula, njaa ilikuwa mingi.

Formateur ni baba mumoja banamuita Monsieur Chola, mulefu, shingo sawa ya ng'ombe. Aliomba kila muntu aseme jina na mwalimu wake. Nikasema, miye Béa, nilifundishwa na Papa Kunda. Coach, yule baba alisimama kabisa.

"Kunda gani? Wa ku Lukafu?"

Nikasema ndiyo. Akauliza uko wapi siku hizi. Nikasema ulikufa, mvua ilikuwa inaanza. Hakusema pole. Muntu mukubwa mwenye imvi, hata pole moja! Akatoka inje, akasimama nyuma ya ukuta na simu mu mukono, lakini nilimuchungulia, hakuongea na muntu. Akarudia na macho mekundu. Nikasema mu roho yangu: amekunywa huyu, na jua haijapanda.

Njo pale matusi ilianza. Tulikuwa mu arraché, kuinua barre mara moja mpaka juu ya kichwa, na miye nikaelezea wenzangu vile ulitufundisha, mikono iko kamba tu, nguvu inatoka mu miguu. Akacheka. "Nani alikuambia ile, ile mbuzi? Kweli, mambo ya kamba mbuzi anaijua." Bantu bakacheka. Mbuzi, Coach! Weye! Kwetu ukiita muntu mbuzi, umesema hana akili hata kidogo. Nikarekebisha mugongo ya dada mumoja, akasema, "Ona, mbuzi alizaa mbuzi." Saa ya kula bukari alikuja mpaka ku sahani yangu. "Chunga sombe yako, mama. Marehemu angekuwa hapa, angekula majani yote." Hata kula sikuweza tena.

Kiisha, mukaba wako. Ule wa ngozi, Mama Odile alinipatia nikaweke ku kiuno siku nikiinua chuma nzito. Niliuacha ku kiti. Monsieur Chola akautwala, akajifunga nao, akatembea nao mchana mzima, na jioni akaenda nao kwake. Hakuomba. Mwizi mwenye cheti!

Mu njia nikapanga yote mu kichwa. Huyu alikuwa adui yako wa zamani. Kuko muntu wake anataka klubu yetu. Ananichokoza ili nitoke na kasirani, kiisha aambie ligue: munaona, yule mwanamuke alikimbia mwenyewe. Nilikuwa na hakika, Coach. Nikaapa sitafungua kinywa.

Siku ya Mungu nilivumilia mpaka saa ya examen. Ilikuwa zamu yangu kumuongoza muntu ku barre, na yee mbele ya bote akasema, "Tutaona sasa. Ile mbuzi yenyewe ilisikia chui inakuja, ikakimbia, ikajificha mu udongo."

Ah, hapana. Kaburi yako tena? Nikamuambia, "Monsieur, mukitukana marehemu tena, ninatoka. Na brevet yenu muikule na bukari."

Nikaona klubu imekufa pale pale, juu ya kinywa yangu.

Monsieur Chola akaniuliza polepole, "Weye, bazazi bako ni ba wapi?" Nikasema Kongolo, babu yangu alikuja huku na kazi ya reli. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaikala ku banc, na machozi ikaanza kutoka, na haikuwa ya kucheka tena. Ule dada wa mugongo njo alinivuta mukono. "Mama, hamunaka utani kwenu? Eko munungwe wake, mutani wake. Kunda ni muntu wa ukoo ya Mbuzi, huyu ni wa Chui. Kama mumoja anakufa, mwingine anakuja kumutukana, anatwala kitu yake. Njo kazi yake. Pole atasema mwengine."

Unafikiri niliamini? Nikatoka inje, nikapigia Mama Odile. Nikamuuliza, unajua muntu banamuita Chola? Coach, alipiga kelele mu simu. "Ile Chui? Eko hai? Ile mwizi! Mupatie simu!" Nikarudia ndani, nikamupatia. Bakatukanana mbele ya bote, vibaya sana, na bote bawili banalia. Tangu tulikuzika, bibi yako alikuwa analia kimya kimya sawa mugeni. Leo nilimusikia analia sawa muntu mwenye bwana.

Nikarudia ku barre, nikamaliza examen, brevet nikapata. Klubu inabakia wazi. Nilimuuliza Monsieur Chola kama amenipatia juu yako. Akasema, "Miye Chui. Mutoto ya Mbuzi ninamukula, simupatie kitu." Mukaba hajarudisha, na hatarudisha. Bado ninamuangalia kwa jicho moja.

Lakini Coach, kitu moja inaniuma. Tulikulilia na adabu mingi. Tuliimba vizuri, tulivaa nyeupe, bote balisema ulikuwa muntu muzuri. Hakuna muntu alikucheka. Hakuna hata mumoja alikuita mbuzi. Miye sikujua. Pengine uko pale unajiuliza kama ni weye tulizika, ao muntu mwingine.

Siku ya posho inakuja, miye na Mama Odile tutamuleta ku makaburi. Anasema atakutukana mpaka balinzi batufukuze. Ninakuahidi, sitamukataza. Nitasimama kando, nitamuacha aseme yote.

Basi ubakie muzuri, Papa yangu. Banakuja kukulilia sawa inafaa.

Mutoto wako,
Béa