Jicho la Kushoto la Jeconia

Gatina, Kawangware,
Nairobi.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Shangazi Ndinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wako Ndanu, ambaye sasa ni mke wa mtu! Goti linaendeleaje? Mvua imefika huko Mutomo, na mbuzi wamepata majani? Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni chumba kimoja, na kuna mambo siwezi kuyasema Jeconia akisikia.

Nianze na furaha. Shangazi, nimepata mume! Goti lilikuzuia kuja harusini, kwa hivyo hujamwona, lakini ungempenda siku ya kwanza. Ananiita Nyar Kitui, yaani binti wa Kitui kwa Kijaluo chao. Akirudi kutoka karakana yao ya mbao kule Silanga, Kibera, huwa na vumbi hadi kwenye kope, nami humfuta kwa leso kabla hajaketi. Nikimfuta hufunga macho kama mtoto. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Sasa keti, nikuambie lililobaki.

Tangu Agosti pua yake imekuwa ikiziba, tundu la kushoto tu, na kutoka damu. Siku ya harusi ilimtoka kanisani, tone moja likaangukia glavu yangu nyeupe. Fundi mwenzake, Eugene, akamtania mbele ya watu: "Jeco, hata pua inalia ju unaacha ubachela!" Tulicheka sote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, na kicheko hicho hakinitoki masikioni.

Duka la dawa walimpa matone, wakasema ni nyama za pua na vumbi. Mafundi wa mbao huamini kwamba maziwa huosha vumbi mwilini, basi kila jioni nilimnunulia pakiti, nikamwangalia akinywa, nikajiona mke hodari. Januari niliunguza sufuria ya muthokoi mpaka jirani akabisha mlango. Jeconia alikula yote. "Tamu, mami. Ongeza." Nilidhani ni mapenzi. Shangazi, hakuwa akisikia harufu! Wala manukato niliyojipaka kwa ajili yake hakuwahi kuyasikia. Kila ninapowasha jiko namwona amekaa katikati ya ule moshi, akitabasamu.

Picha za harusi ndizo zilizonishtua. Nazitazama kila siku, unanijua nilivyo. Februari nikaona kwamba jicho lake la kushoto limesukumwa mbele kidogo. Kwenye picha za uchumba halikuwa hivyo. Nikamvuta hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Aliingiza puani kamera nyembamba kama mrija wa soda, kisha akauliza Jeconia anafanya kazi gani. "Mbao, tangu niwe na miaka kumi na tano." Akaacha kuandika. Alitueleza kwamba nyama za kawaida mara nyingi huziba matundu yote mawili. Upande mmoja tu, tena na damu, ni lazima uchunguzwe. Alikata kipande kikapelekwa maabara, Jeconia akapigwa skani.

Ni saratani, Shangazi. Imeanzia juu ndani ya pua, ikaingia kwenye mapango madogo ya mifupa yaliyo kando ya jicho. Daktari alisema ni nadra sana, ila waliovuta vumbi la mbao miaka mingi huipata zaidi. Nikamwambia kuhusu maziwa. Alinishika mkono, akasema maziwa huenda tumboni.

Watamfanyia upasuaji kupitia tundu la pua, bila kumpasua uso, kisha mionzi ya wiki sita. Lakini kati ya pua na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, na picha hazionyeshi wazi kama uvimbe umeuvuka. Wakikuta umeingia, jicho litaondolewa. Hilo lilihitaji sahihi yake mapema. Bila sahihi wangeacha kipande ndani, na kipande hicho kingemuua.

Akakataa. Siku tisa alikataa. "Fundi wa jicho moja atapima nini, Nyar Kitui? Si heri nibaki hivi hivi?" Nikageukia jiko, kwa sababu nilijua machozi yatatangulia maneno.

Ijumaa nilimpelekea chakula Silanga. Amekatazwa vumbi, lakini alikuwa nje akimchagulia Eugene mbao. Aliinua ubao mmoja hadi usoni, akafunga jicho, akautazama kwa urefu kuona kama umenyooka.

"Jeconia, umefunga jicho gani?"

"La kushoto. Si ndivyo tunapima?"

"Tangu lini?"

"Tangu nianze ka..."

Ubao ulibaki hewani. Eugene, ambaye hakosi mzaha, aliuchukua mkononi mwake, akauweka chini. Kisha Eugene akamwambia, "Twende hospitali basi, boss, kabla hujabadilisha nia." Jeconia alitia sahihi siku hiyohiyo.

Upasuaji ni Alhamisi hii, saa mbili asubuhi. Nashukuru, na bado naogopa. Namtazama jicho hilo kama mtu anayemsindikiza mgeni bila kujua kama atarudi. Jana alinifuma nikimtazama hivyo. Akalifunga, akaniangalia kwa lile la kulia peke yake.

"Bado nakuona kamili," akasema.

Nilitabasamu, nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Nisalimie Mjomba Musyoka, Timothy na watoto, na wote wanaouliza habari zangu. Usiwaambie yote. Alhamisi hiyo saa mbili, hata kama uko shambani, simama kidogo umtaje Jeconia mbele za Mungu. Naye Mungu asikuondolee macho yake, wewe na nyumba yako.

Mwanao akupendaye leo na Alhamisi na baada ya hapo,
Ndanu.