Mabao matatu, yote kushoto

Ndugu yangu, sikia hii. Ukuta, beki wetu, anapofuka.

Kocha alikuwa anatuonyesha video ya mechi ya jana, tulivyofungwa matatu. Yote matatu mshambuliaji anapita kushoto kwa Ukuta, naye hata shingo hageuzi. Mimi golini nampigia kelele, yeye anatazama mbele tu.

Kocha akasimamisha picha. "Mtu huyu hapa, hatua mbili kutoka kwako. Ulikuwa umelala?"

Ukuta akaikodolea macho ile picha.

Kocha akamsogelea, akainua vidole upande wa kushoto wa uso wa Ukuta. "Vidole vingapi?"

"Vidole gani, mwalimu?"

Vidole gani. Chumba kizima tukamgeukia.

Kumbe jicho la kushoto lina miezi miwili linafifia, na hata mkewe hajui. Aliogopa kutolewa kikosini.

Sasa tuko hospitali. Daktari amesema wanampasua jicho leo hii, na hakuahidi kitu. Jitu zima lile, mwenzangu, limeniomba nikae upande wake wa kushoto na nisiondoke.