Mlafi wa Nyumba Yetu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuuliza hali. Magoti yanaendeleaje, na shangazi bado anakuja kukupaka dawa jioni au amenuna tena? Mimi huku ni mzima, nalala vizuri, cherehani inazunguka, na wateja wangu hawajambo isipokuwa ubishi wao ule ule. Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, kisha nikaamua nisijibu siku ile, maana ningeandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mama yake. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu, Mama, kwa hiyo nivumilie.

Umeandika kwamba nimekutia aibu. Umesema habari zimekufikia kuwa nilitoka kanisani katikati ya maombi na kuubamiza mlango, na umeniagiza nimwombe radhi mama mchungaji, kisha Jumapili ya akina mama nisimame mbele ya watu wote niombewe upya mpaka nifunguliwe. Kuhusu mlango, ni kweli, niliubamiza, na kama ungekuwa mzito zaidi ningeubamiza zaidi. Hayo mengine sitayafanya. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujampa shangazi barua hii akusomee kwa sauti yake ya kulaumu.

Siku ile nilikuwa nimetoka kuimba. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo, na ulipanda vizuri, hata wazee wa nyuma walisimama. Mama mchungaji akaniita mbele. Nilidhani ananishukuru kwa magauni ya kwaya niliyokuwa nimemaliza kuyashona wiki hiyo, nikaenda huku natabasamu kama bibi harusi. Akaniwekea mkono kichwani. Wengine wakaja wakaniwekea mikono mabegani, na mmoja, Mama, akaniwekea mkono tumboni. Tumboni! Mama mchungaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba dada yetu huyu amefungwa na pepo wa ulafi tangu utotoni, na leo anatoka. Wakaanza kumkemea. Yule mweka hazina, ambaye gauni lake nimelipanua mara mbili na sijamwambia mtu ila wewe sasa hivi, ndiye aliyekemea kwa sauti kuliko wote. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hata mgonjwa huulizwa anaumwa wapi kabla ya kupewa dawa.

Waliokuletea habari za mlango hawakukuambia nilikwenda wapi, kwa sababu hawakunifuata. Nilikwenda dukani nikanunua mkate mzima, siagi na biskuti. Nikafungua kiwanda chetu cha ushonaji, ambacho Jumapili hakina mtu, nikaingia stoo nyuma ya majora ya vitambaa, nikaanza kula. Hivyo ndivyo nilivyokula miaka yote, Mama. Nasimama, naharakisha, sisikii ladha, sikio liko mlangoni. Mbele za watu nadonoa kama ndege, mpaka wanashangaa mwili umetoka wapi. Nikiudhika nakula, nikiogopa nakula, mteja akinisema nakula. Nikishashiba najichukia, nalia, halafu nakula kwa sababu nimelia. Kile kioo kikubwa cha wateja nilikuwa nakipita kama mtu anayempita mbwa mkali. Nguo zangu nilizikata kwa kukisia, pana kama mapazia, ili nisijipime.

Basi nimesimama pale na mkate mkononi, nina hasira, likanijia jambo moja. Wewe ulitulea hakuna kugusa kijiko kabla ya kumshukuru Mungu. Mezani sijawahi kuacha, hata kwa kikombe cha chai. Lakini kwa vyote nilivyokula stoo, sikuwahi kushukuru hata siku moja. Ni kama vile Mungu namwacha mezani, halafu mimi naingia stoo peke yangu. Nikamsemesha kwa ukali, Mama, anisamehe. Nikamwambia kama kweli uko hapa, basi tazama, mkate wako huu, na mlaji ndiye mimi, uliyemsikia akitukanwa nyumbani kwako na wewe ukanyamaza. Nikaanza kusema bariki chakula hiki. Ulimi ukakataa. Nilijaribu tena, nikaangua kilio kile cha kwikwi cha watoto, na kilipopungua nikaimalizia ile sala. Kisha nikaketi juu ya furushi la vitambaa nikala kipande kimoja kama anavyokula mtu, nikasikia ladha yake, na uliobaki nikaufunga. Hakuna pepo aliyetoka, wala hakuna aliyeanguka chini akigaragara. Ila nilijua sikuwa peke yangu mle ndani, na kwamba yule niliyekuwa naye hakuwa amenuna.

Tangu hapo ndiyo sheria yangu. Hakiingii kitu kinywani kabla sijashukuru kwa sauti, popote nilipo, hata kama ni biskuti moja. Fundi mwenzangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba na kwa ulimi, alinisikia naombea biskuti nyuma ya majora akauliza kama biskuti hiyo inasafiri mbali. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, halafu nikamweleza yote, na hakuyapeleka popote. Usidhani njia imenyooka. Kuna siku nimeshukuru vizuri kabisa na bado nikamaliza pakiti, na amina juu yake. Siku hizo naketi, namwambia Bwana kilichoniudhi kwa jina lake, na kesho naanza tena. Nimekuwa nikisoma juu ya yule binti aliyefufuliwa kitandani kwake. Bwana alipomwinua, aliwaambia wazazi wampe chakula. Hakuwaambia kwanza wampime.

Na kupima ndiyo kazi yangu, ndiyo maana imenigusa. Wanawake wote wakija kupimwa wanazuia pumzi na kuvuta tumbo ndani. Nikiandika kipimo hicho, zipu itapasuka siku ya sherehe na lawama zitakuwa za fundi. Kwa hiyo mimi hushika futi kiunoni na kusubiri, nawaambia pumua dada, mimi sina haraka, mpaka mwili ukubali. Nimewaambia hivyo watu wasiohesabika na mwenyewe sijawahi kupimwa. Mwezi uliopita nilimpa Sindano futi. Nilizuia pumzi mpaka masikio yakavuma. Akasimama tu na futi yake, akasema atasubiri hata kesho, kwao hawamngojei kwa chakula. Nikapumua. Akanisomea kipimo, nikakiandika kwa chaki mezani, na nikajishonea gauni la buluu lenye kiuno. Sijapungua sana, usije ukategemea miujiza. Ila nimesimama mbele ya kile kioo nikamshukuru Mungu kwa mwili huu unaoimba, na nilikuwa namaanisha.

Sasa nirudi kwa mama mchungaji. Nilikwenda kwake, si kuomba radhi, bali kuuliza. Nilikwenda kwa heshima, na gauni langu la buluu. Nilimuuliza nani alimwambia habari za utoto wangu, kwa kuwa mimi hapa nilikuja mtu mzima na hakuna anayejua nilivyokuwa. Alizunguka, akanipa chai, akaniuliza habari za kwaya. Nikauliza tena. Mwishowe akainamisha macho akasema ni wewe. Akasema ulimpigia simu mwenyewe, ukamwambia mtoto wako alizaliwa mlafi, kiasi kwamba hata sahani ya marehemu baba yake alikuwa anaimaliza, na ukamsihi amkemee huyo pepo bila kunidokeza nisije nikakataa. Alisema alifikiri anamsaidia mama mwenzake. Namwamini. Yeye ndiye aliyeniomba radhi, na tumemaliza. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, na mimi fundi wa nguo ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mama, wewe unakumbuka kwamba niliila ile sahani. Basi nikukumbushe na yaliyobaki, maana nimeyameza muda mrefu kuliko chakula chochote.

Baba alipofariki uliendelea kumpakulia. Kila jioni sahani yake ilikaa pale pale, mbele ya kiti chake, imefunikwa na nyingine. Asubuhi unaifunua, chakula kiko vile vile, kimepoa, na wewe unaketi mbele yake. Huongei, huogi, kazini huendi. Wadogo zangu wanalilia chai na huwasikii. Nilikuwa mtoto lakini nilikuwa na macho. Jioni moja ulipokwenda chumbani niliifunua nikaila yote, wali, maharage na kipande cha nyama cha Baba. Sikuwa na njaa, nilikuwa nimekwisha kula changu nikashiba. Asubuhi uliikuta tupu ukauliza ni nani, nikanyoosha kidole. Ukanitazama, halafu ukacheka. Tangu mazishi hatukuwa tumekusikia ukicheka. Ukasema huyu mlafi wa nyumba yetu atatumaliza, ukaosha sahani, ukachana nywele, ukaenda kazini.

Ningefanya nini, Mama? Nikala kesho yake, na kesho kutwa, na mwaka ule wote. Kuna siku chakula kilinipanda kooni, nikatoka nje kupunga hewa, nikarudi nikamalizia. Uliponiita mlafi mbele ya wageni nilifurahi, kwa sababu ulikuwa unacheka. Nilijifunza kwamba tumbo langu likijaa, mama yangu anaamka. Mpaka leo mtu akihuzunika karibu yangu, mkono wangu unatafuta mkate. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi, pale kwetu, nani aliujua? Ndilo jambo linaloniwasha hasa. Sikasirishwi na mama mchungaji wala na ule mkono uliowekwa tumboni. Nimekasirika kwamba kile nilichokifanya kwa kukupenda, wewe ulikitafutia pepo.

Kwa hiyo sitasimama mbele Jumapili ya akina mama, isipokuwa kuimba. Hakuna pepo wa kumkemea hapa. Kama kuna maombi, yafanyike hapo nyumbani, kwenye meza ile ile, mimi na wewe. Tangu tumzike Baba hatujamlilia pamoja hata mara moja. Wewe ulipakua, mimi nikala, na hivyo ndivyo tulivyomaliza msiba wetu.

Mwisho wa mwezi nitafunga kazi nije. Naomba upakue sahani mbili tu, yako na yangu. Yangu nitaishukuru, nitakula kinachonitosha, na nitakachobakiza kitabaki mbele yako ukione. Ukitaka kulia, lia, Mama. Nitakushika mkono. Safari hii sitakula ili wewe unyamaze.

Wasalimie wadogo zangu wote na watoto wao. Shangazi mwambie salamu zake zipo, na nimemshonea blauzi. Nilimkisia kipimo, kwa hiyo asivute tumbo akiivaa. Mungu akutunze, akupe usingizi na nguvu za magoti, mpaka tuonane uso kwa uso.

Nakupenda, hata leo nikiwa nimekasirika.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Fundi